Karavani au motahomu, feri au barabara: chagua kwa kuifikiria safari ya kurudi

Kaka yangu na mkewe wanastaafu mwezi wa tisa, na maswali yameshaanza. Wameona picha zetu tumekaa nje na vikombe vya chai mwezi wa Februari, mzee kavaa fulana tu, wakati kwao Birmingham watu wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Wifi akanipigia simu: "Wifi, niambie ukweli. Tununue karavani ya kukokota au motahomu? Na mnarudije nyumbani na mzigo wote ule?" Swali hilo la pili ndilo zito, na wengi hawaliulizi mpaka wako Hispania na siku zimebaki nne. Nilianza kumjibu kwenye simu, nikaona maneno ni mengi, bora niyaandike. Kwa asiyejua: karavani ni nyumba ya tela inayokokotwa na gari, na motahomu ni gari na nyumba katika chombo kimoja.

Mimi na mzee wangu tumekwenda pwani ya Costa Blanca, Hispania, majira matano ya baridi, kuanzia 2022 hadi mwaka huu wa 2026. Mara nne tulikokota karavani yetu. Mwaka 2025 tulikodi motahomu wiki sita ili tujue na upande wa pili ukoje. Kurudi kwetu Reading, Uingereza, tumepita Ufaransa mara tatu, na mara mbili tumepanda feri kutoka Bilbao, kaskazini ya Hispania, hadi Portsmouth, kusini ya Uingereza. Kwa hiyo nalinganisha mambo mawili yanayokwenda pamoja, chombo na njia.

Msimamo wangu nautaja mapema: chagua kwa kuifikiria safari ya kurudi. Ya kwenda, chombo chochote kinafaa. Januari una nguvu, umelala kwako, gari limetoka kwa fundi juzi, na hata mvua ya Portsmouth unaiaga kwa furaha. Machi umechoka. Umelalia godoro jembamba miezi miwili, mzigo umeongezeka bila kujua umetoka wapi, tairi zimekula jua, na tarehe ya kutoka Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, inakungoja. Ukichagua chombo kwa kuifikiria Januari, Machi utakijutia.

Vikiwa vimesimama kambini

Hapa karavani inaishinda motahomu, na kwa wazee wa umri wetu inaishinda kwa mbali.

Ukifika kambini unaifungua karavani kutoka kwenye gari, unashusha miguu minne ya pembeni, unachomeka umeme, unasimamisha hema la ubavuni, basi. Gari lako liko huru. Unakwenda sokoni, unakwenda kwa bucha wa Kimorocco kutafuta nyama ya halali, unakwenda kutazama bahari, na nyumba inabaki palepale na sufuria jikoni. Motahomu ukitaka kwenda kununua maziwa unaichomoa nyumba nzima: waya wa umeme unakunjwa, vikombe vinarudi kabatini, dirisha la darini linafungwa, ngazi inapandishwa, kisha unapeleka mita saba za gari kwenye maegesho ya duka yaliyochorwa kwa magari madogo. Majirani zetu wa Kiholanzi wenye motahomu walikuwa na baiskeli za umeme, wakatoka nazo kila siku wakarudi na mikate. Kama magoti yenu yanakubali baiskeli, hoja hii inapungua nguvu. Goti la mzee wangu halikubali.

Lakini si suala la maziwa tu. Mwaka 2024, usiku wa manane, mzee aliamka anatetemeka, jasho linamtoka, sukari imeshuka na maneno yanapotea mdomoni. Nimekuwa muuguzi miaka 31, nilijua la kufanya: juisi kwanza, kisha mkate, kisha kupima tena. Ilipanda, lakini ikagoma kutulia, nikataka aonwe na daktari. Gari lilikuwa mlangoni na ufunguo msumarini. Robo saa tukawa hospitali. Mkiwa na motahomu, saa kama ile mtapiga 112, namba ya dharura, na kusubiri, au muanze kukunja waya gizani. Kila nikifikiria kununua motahomu, usiku ule unanirudia.

Vikiwa barabarani

Barabarani mambo yanageuka. Motahomu ni chombo kimoja. Unaendesha, mvua ikizidi unasimama, unatoka kwenye kiti unaingia jikoni bila kulowa, unachemsha chai. Rivasi yake ni ya gari la kawaida, ila ni refu. Mzee aliizoea kwa siku moja.

Karavani inataka mafunzo. Ukirudi rivasi na kupeleka usukani kushoto, mkia wa tela unakwenda kulia, na ukichelewa kurekebisha tela linajikunja kama kisu. Mzee alijifunza Jumapili asubuhi kwenye maegesho matupu, mimi nimesimama nyuma na fimbo. Zilipita Jumapili sita. Wifi, mwambie kaka aanze mapema na asione haya. Halafu kuna jambo la tela kucheza mkia. Lori likikupita kwa kasi, au ukiteremka mlima kwa mwendo mkubwa, tela linaanza kuyumba kushoto kulia na kuvuta gari. Dawa yake ni kuachia mafuta polepole na kushika usukani bila kushindana nao. Atakayekanyaga breki ghafla anaweza kupinduka. Kidhibiti cha kuyumba kwenye ndoano kinasaidia, mzigo uliopangwa vizuri unasaidia zaidi.

Mwendo nao ni tofauti. Hapa Uingereza karavani mwisho wake ni maili 60 kwa saa kwenye motowei, na njia ya kulia kabisa huruhusiwi kuigusa panapokuwa na njia tatu au zaidi. Ufaransa, gari na tela vikizidi tani 3.5 kwa pamoja, mwisho ni kilomita 90 kwa saa hata kwenye barabara kuu za kulipia. Sisi hatujawahi kuona shida na hilo. Tumejiwekea kilomita 300 kwa siku, na saa tisa alasiri tumeshasimama.

Mafuta msiyawekee hesabu kubwa, yanakaribiana: dizeli lita moja ilitupeleka kilomita tisa au kumi, kwa karavani na kwa motahomu.

Kulala njiani, motahomu inashinda wazi. Ufaransa vijiji vingi vina sehemu maalumu za motahomu kulala usiku, pana maji na mahali pa kumwaga kaseti ya choo, yaani tangi dogo la uchafu, nyingine bure, nyingine kwa pesa kidogo. Karavani kwa kawaida hairuhusiwi hapo. Uko pia mpango wa France Passion, ambapo wakulima na watengeneza jibini wanakukaribisha usiku mmoja shambani kwao; na huo ni wa motahomu peke yake. Mwenye karavani anategemea kambi, na kambi za manispaa za Ufaransa, zile za bei nafuu chini ya miti kando ya mto, nyingi hufungwa vuli na kufunguliwa Aprili. Kwa hiyo Machi unarudi kwenye nchi ambayo milango mingi bado ina kufuli. Kila kituo inabidi ukijue kabla hujaondoka Hispania, na upige simu kuhakikisha. Vituo vya kupumzikia kwenye barabara kuu msilale, hata kwa motahomu. Wezi wanavijua.

Leseni na mizani

Sehemu hii naomba isomwe polepole, kwa sababu watu wetu wengi wananunua kwanza na kuuliza baadaye.

Aliyepata leseni ya Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida ana daraja la C1, anaweza kuendesha gari hadi tani 7.5. Aliyepata baada ya hapo mwisho wake kwa gari la dizeli ni tani 3.5. Wengi wetu tuliokuja mwishoni mwa miaka ya tisini na baadaye tumo kwenye kundi la pili. Kaka leseni yake ni ya 2003. Zile motahomu kubwa zenye kitanda cha kudumu nyuma na bafu la kusimama, alizopiga picha kwenye maonyesho, nyingi zimevuka uzito huo na haruhusiwi kuzigusa. Hata aliye na C1 ajue kwamba akifika miaka 70 leseni inatakiwa kufanywa upya, na C1 haibaki bila fomu ya D4 iliyojazwa na daktari. Mzee wa miaka 67 akinunua motahomu ya tani nne ananunua chombo ambacho huenda baada ya miaka mitatu kikamshinda kwa karatasi. Na Ufaransa, gari lililozidi tani 3.5 lazima libandikwe vibandiko vya kuonya juu ya pembe ambazo dereva hazioni. Sheria hiyo ni ya tangu Januari 2021 na motahomu zimo.

Haya, chukueni motahomu ya tani 3.5. Hapo tatizo linakuwa mzigo. Kiwanda kimeshatumia sehemu kubwa ya uzito kwenye vitanda na kabati, na kinachobaki chenu ni kidogo kuliko mnavyodhani. Maji lita 100 ni kilo 100. Ongezeni nyinyi wawili, mitungi miwili ya gesi, hema, viti, baiskeli, mfuko wa mchele wa kilo 20 ambao wifi hatakubali kuuacha. Ile tuliyokodi tuliipitisha kwenye mizani ikiwa imejaa, tukakuta zimebaki kilo 40 tu. Tukamwaga maji nusu.

Kwa karavani, leseni imekuwa nyepesi. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari anaweza kukokota tela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa pili, mradi gari lenyewe limeruhusiwa na kiwanda kukokota uzito huo. Ushauri wanaopewa wanaoanza ni kwamba karavani iliyojaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Yaani gari la kilo 1,700 na karavani ya kilo 1,400 ni ndoa nzuri.

Kuna na uzito wa pua, yaani jinsi kichwa cha karavani kinavyolalia ndoano ya gari. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani iliyojaa. Kwa yetu ni kama kilo 70 hadi 98, na bila kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye ndoano. Mzee anapima kwa mizani ya bafuni. Anaiweka juu ya ubao chini ya kichwa cha karavani, anasimamisha kipande cha mti juu yake, anashusha kichwa polepole kwa mkono wa jeki mpaka kikalie mti, nami nimepiga magoti nasoma. "Ngapi, mama watoto?" "Sitini na mbili." Hapo tunahamisha mfuko wa mchele kutoka nyuma kuuleta mbele ya ekseli. "Sasa?" "Themanini na moja." Basi, tunafunga. Pua ikiwa nyepesi ndipo mkia unapocheza, na mizani ya bafuni tunayo kila nyumba.

Kurudi kwa Ufaransa

Kutoka Benidorm, huko Costa Blanca, hadi Calais ni karibu kilomita 1,800. Ukipanda meli Ouistreham, bandari ya Caen, barabara inapungua hadi 1,500 na ushee, na kwa sisi wa Reading, Portsmouth ni karibu zaidi kuliko Dover. Kwa kilomita 300 kwa siku ni siku tano au sita, na usiku mmoja zaidi wa kupumzika.

Uzuri wa njia hii siufichi. Mwaka 2022 tulipanda kwa pwani hadi Béziers kisha tukashika A75, barabara inayopanda milima ya kati ya Ufaransa, karibu yote bure isipokuwa daraja la Millau. Daraja hilo lilifunguliwa Desemba 2004, urefu wake karibu kilomita mbili na nusu, na nguzo yake ndefu pamoja na mlingoti hupita mita 330. Tulipita asubuhi, ukungu umejaa bondeni, tuko juu ya mawingu na karavani nyuma. Mzee, mtu wa Lamu asiyeshangaa haraka, alisema "Subhanallah" akanyamaza hadi upande wa pili. Lakini A75 inapita zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Machi theluji bado inaanguka huko. Utabiri ukisema upepo au theluji, usipeleke karavani.

Njia ya magharibi ni tambarare zaidi: Zaragoza, kisha San Sebastián, Bordeaux, Poitiers, Tours, Le Mans. Kati ya Bordeaux na Poitiers kuna N10, njia mbili kila upande na haina ushuru, na kwa sababu hiyo malori yote ya Hispania na Ureno yamo humo. Machi 2023, kabla hatujafika Angoulême, nilisikia mlipuko na karavani ikavuta upande. Mzee aliachia mafuta, akaishika, tukasimama pembeni. Tukavaa vizibao vya manjano kabla ya kushuka, maana Ufaransa ni lazima, tukaweka pembetatu. Tairi la kushoto la karavani lilikuwa limeachana na ganda lake lote, na vipande vimepasua sakafu ya plastiki juu yake.

Tairi lile lilikuwa na kashata nzima, yaani meno yake ya mpira hayajalika. Ukilitazama ungesema jipya. Karavani tuliinunua ikiwa imetumika, na aliyetuuzia alitusifia tairi zake. Hatukujua kusoma namba. Kwenye ubavu wa kila tairi kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Letu lilisomeka 1115, wiki ya 11 ya mwaka 2015. Lilikuwa na miaka minane, na ushauri wa wanaojua karavani ni kubadilisha zikifika mitano na kutovuka saba, hata kama kashata ipo, kwa sababu mpira unakauka kwa kusimama. Jeki ya gari haikufika chini ya karavani. Tairi la akiba lilikuwa chini ya sakafu, na nati ya kibebeo imeshikwa na kutu. Saa tatu tulikaa pale, malori yanatikisa karavani kila yanapopita, mpaka gari la msaada likaja. Bahati bima yetu iligusa gari na karavani. Ulizeni hilo kwa maneno hayohayo, kwa sababu ziko bima zinazobeba gari na kuacha tela barabarani.

Ushuru wa barabara za Ufaransa unafuata urefu wa kwenda juu na uzito. Gari dogo ni daraja la 1. Gari lenye karavani, au motahomu iliyo chini ya mita tatu na isiyozidi tani 3.5, ni daraja la 2. Ikifika mita tatu, pamoja na dishi au kiyoyozi cha darini, au ikizidi uzito huo, mnakwenda daraja la 3 na bei inaruka. Pimeni na kitu cha juu kabisa. Na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, kibanda kiko upande wa abiria: wifi ndiye mlipaji, akae na kadi mkononi.

Ukimaliza Ufaransa unavuka bahari. Feri ya Dover ni saa moja na nusu, ya Caen saa sita. Treni ya chini ya bahari kutoka Calais ni dakika 35 na unakaa ndani ya gari lako muda wote, jambo zuri kwa mgonjwa. Mitungi ya gesi ya kupikia inaruhusiwa kwa kiasi na ikiwa imefungwa, ila gari linaloendeshwa kwa gesi hawalipakii.

Kurudi kwa feri ya Bilbao

Kutoka Benidorm hadi bandari ya Bilbao ni karibu kilomita 750. Tunazigawa siku tatu. Siku ya kwanza Teruel, siku ya pili karibu na Logroño, ya tatu ni kiporo cha kilomita 140 hivi hadi bandarini, tunafika mchana tukiwa hatujachoka. Barabara ya A-23 kutoka Sagunto kupita Teruel hadi Zaragoza haina ushuru, ni pana, na magari ni machache. Baada ya N10, A-23 ilikuwa kama kuendesha kijijini siku ya Ijumaa.

Tahadhari yake ni baridi. Teruel iko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Tulitoka pwani kwenye nyuzi 17, asubuhi yake tukaamka jiko haliwaki. Mtungi wetu ulikuwa ule wa Kihispania wa rangi ya chungwa, na ndani yake ni butane, gesi ambayo ikikaribia nyuzi sifuri haitoki tena kwenye mtungi. Propane inaendelea hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Bakini na mtungi wa propane kwa ajili ya usiku huo mmoja, au lalieni kambi yenye umeme na birika la umeme.

Bahari sasa. Safari ya Portsmouth huchukua zaidi ya siku moja, kama saa 28 hadi 33 kutegemea safari na hali ya hewa. Santander hadi Plymouth ni fupi zaidi, saa 20 hivi. Ghuba ya Biscay ina jina baya na majira ya baridi inastahili jina lake. Mwaka 2024 tulipata usiku mmoja wa mawimbi marefu, yale yanayoinua meli taratibu na kuishusha taratibu, na vibanio vya nguo kwenye kebini vinagonga ukuta kwa zamu. Mzee alilala kama mtoto. Mimi nilikaa sakafuni mgongo ukutani, natafuna tangawizi, mpaka alfajiri. Mwaka huu bahari ilikuwa sinia. Tulikuwa ndani ya Ramadhani. Musafiri ana ruhusa, lakini mzee alifunga, na magharibi tukafuturu kwa tende sitahani, jua linazama upande wa Marekani. Siku mbili baadaye tulikuwa na wajukuu kwenye Idd.

Jambo moja la hospitali niliseme kwa sauti. Meli ikishaondoka, sitaha ya magari inafungwa na hamtaruhusiwa kushuka. Insulini iliyoachwa kwenye friji ya karavani imekwenda. Na gesi lazima iwe imefungwa, kwa hiyo friji yenyewe haifanyi kazi. Toeni dawa zote, mashine ya sukari na nguo za siku mbili kabla hamjapanda. Kalamu ya insulini inayotumika, kwa aina nyingi, inakaa nje ya friji hadi wiki nne, kwa hiyo kebini haitaiharibu. Someni karatasi ya dawa yenu.

Bei ya feri inatisha ukiiona peke yake. Iwekeni mezani pamoja na Ufaransa. Kutoka Bilbao badala ya Caen mnaokoa kilomita 800 hivi, kama lita 85 za dizeli, ushuru wa barabara, kambi tatu au nne, na tiketi ya feri nyingine ya kuvuka. Kwetu tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, na mzee hakushika usukani siku nzima. Karavani na motahomu hulipiwa kwa urefu na kimo, hivyo gari na karavani, mita 12 kwa pamoja, ni ghali kuliko motahomu ya mita sita. Kateni mapema, Machi wastaafu wote wanarudi pamoja.

Siku 90

Mwenye pasipoti ya Uingereza anaruhusiwa Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ukiingia tarehe 4 Januari, siku ya 90 ni tarehe 3 Aprili. Watu huhesabu miezi mitatu wakaangukia tarehe 4. Tangu Oktoba 2025 mipaka imeanza kuchukua alama za vidole na picha, na sasa mashine ndiyo inayohesabu. Wenye pasipoti za nyumbani Afrika Mashariki hesabu yao ni ya viza zao.

Hapa njia zote mbili zina udhaifu wake. Feri ikiahirishwa kwa dhoruba, inayofuata huenda ni baada ya siku kadhaa. Tairi likipasuka Ufaransa, siku mbili zinaondoka. Kwa hiyo sisi hatupangi kutoka siku ya 90 kamwe. Tunapanga ya 80, na mwaka huu kwa sababu ya Idd tulitoka mapema zaidi.

Na friji ziwe safi mipakani. Kwenda, nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii Ulaya. Kurudi, tangu tarehe 12 Aprili 2025, nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe pamoja na maziwa na jibini kutoka Ulaya haviruhusiwi kuingia Uingereza. Jibini letu la mbuzi tulimwachia jirani Mholanzi, aliyekuwa akituletea mahindi ya bisi kila tulipokaanga mahamri.

Sasa, wifi na kaka

Nyinyi mnataka kukaa mahali pamoja miezi miwili. Kaka ana presha, leseni yake ni ya tani 3.5, na gari lenu la dizeli linakokota vizuri. Nunueni karavani ya kilo 1,300 au 1,400, iliyotumika ni sawa, mkague unyevu pembeni mwa madirisha na msome namba za tairi kabla ya kutazama mapazia. Kwendeni kwa Ufaransa polepole, kwa sababu Januari mna nguvu na siku zote 90 ziko mbele yenu. Rudini kwa Bilbao.

Wanaopenda kuhama kila siku ya tatu, leo Cabo de Gata, kesho Algarve, wenye afya nzuri na baiskeli, wao wachukue motahomu isiyozidi tani 3.5 na warudi kwa vijiji vya Ufaransa, wasiukimbize mwendo. Mwaka 2025 tulirudi hivyo kwa kupita handaki la Somport, kilomita 8.6 chini ya Pyrenees, bure, na usiku wake tukalala kando ya kanisa la kijiji, mkate wa moto ukiuzwa hatua 50 kutoka mlangoni. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote kwa uzuri wa njia. Ila mzee alishika usukani siku sita, na wiki nzima baada ya kufika hakuweza kuinua bega.

Na kama moyo bado unagawanyika, kodini motahomu wiki moja mwezi wa kumi, hapahapa, mwende Devon na kurudi kwenye mvua. Sisi Januari ijayo tumeshakata: Portsmouth hadi Caen tarehe 6, na kurudi kutoka Bilbao tarehe 22 Machi, kebini yenye dirisha safari hii. Tairi mbili mpya za karavani ziko kwenye gereji, mzee ameziandika wiki na mwaka kwa chaki nyeupe.